Nukta Nyeupe Juu ya Jani la Jentiana

Kipepeo alitua kama saa nne asubuhi, juu ya ua la zambarau, nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi zilizokuwa bado na umande, na hakukaa zaidi ya muda wa kuvuta pumzi tano. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai, katika malisho ya mlimani kaskazini mwa Steiermark, nchini Austria, mahali ambapo mawe ya chokaa huchomoza katikati ya majani kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Nilipiga picha nne. Mbili zilitoka na ukungu. Ya tatu ilionyesha upande wa chini wa bawa, kijivu chenye kahawia, na nukta nyeusi zilizozungushiwa weupe. Ya nne ilinasa upande wa juu kwa bahati, alipokuwa anaruka: samawati iliyofifia inayoelekea zambarau, yenye ukingo wa giza.

Nilidhani namjua.

Kwa wiki tano zilizofuata kila nililodhani nalijua kuhusu mdudu yule lilinitoka mkononi, moja baada ya jingine, na sikuweza kuliacha jambo hilo lipite.

## Jina la kwanza lilikuja upesi

Vipepeo wadogo wa samawati wa Ulaya humchosha macho mgeni, kwa kuwa wengi wao ukiwatazama kwa juu ni kama watoto wa tumbo moja, na tofauti zao karibu zote zimefichwa upande wa chini wa bawa, katika mpangilio wa nukta ndogo kuliko punje ya ulezi. Nilianza na kile ambacho hakikuwepo. Samawati wengi wa malisho huwa na mstari wa hilali za rangi ya chungwa kwenye ukingo wa bawa la nyuma. Wangu hakuwa nazo hata moja, na kwa hatua hiyo pekee kurasa nyingi za kitabu cha utambuzi zilifungwa.

Programu ya simu ikapendekeza Cyaniris semiargus. Nikakubali, kwa sababu dume wa spishi hiyo naye ana samawati yenye zambarau, ana ukingo wa giza, na hana chungwa. Nikaliandika jina hilo daftarini kwa wino.

Usiku uleule picha ya tatu ilianza kunisumbua. Kati ya safu ya nukta nyeusi na ukingo wa bawa kulikuwa na alama nyingine, hafifu, safu mbili kama nyayo za kuku kwenye vumbi. Nilijiambia ni kivuli. Siku ya pili nikajiambia ni kasoro ya lenzi. Siku ya nne nilimpelekea picha mzee mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mingi amejitolea kuhesabu vipepeo wa bonde lile. Hakutaja jina lolote. Aliweka kidole kwenye skrini, pale pembezoni mwa bawa, akasema, "Semiargus huwa mtupu hapa. Huyu si mtupu."

Alisema kweli, na mimi nilikuwa nimeliona jambo lenyewe kwa siku nne nikikataa kulikubali.

Tuliendelea kuondoa. Glaucopsyche alexis ana unga mwingi wa samawati-kijani unaotapakaa kutoka shina la bawa la nyuma, na wangu alikuwa mkavu kabisa pale. Phengaris arion, samawati mkubwa anayejulikana zaidi, ana madoa meusi upande wa juu wa bawa la mbele. Picha ya nne, pamoja na ukungu wake, ilionyesha kwamba pale juu hapakuwa na doa. Aliyebaki baada ya wengine wote kutoka alikuwa Phengaris alcon, kipepeo aliyepewa jina mwaka 1775 na Denis na Schiffermüller, walimu wawili wa mjini Vienna waliokusanya na kuorodhesha vipepeo wa viunga vya mji wao. Mkusanyo wao uliteketea kwa moto mwaka 1848, wakati wa mapinduzi. Ilinigusa kujua hivyo. Mdudu wa kwanza kuitwa kwa jina hili hayupo tena katika sanduku lolote ambalo mtu angeweza kulifungua na kulinganisha.

Sasa nilikuwa na jina la pili, lakini nililipata kwa kusema tu huyu si fulani, wala fulani, wala fulani. Mtu akitambulishwa kwako kwa njia hiyo, bado hujamjua.

## Swali la baba mdogo

Nilituma picha ileile nyumbani Makete, Tanzania, kwa baba mdogo, aliyechunga ng'ombe tangu utoto wake kwenye nyasi za juu, chini kidogo ya uwanda wa Kitulo. Sikumtumia ili anisaidie. Nilitaka tu aone kwamba huku nako kuna malisho yenye maua na ukungu wa asubuhi.

Akapiga simu jioni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimemwona mdudu wako. Anakula nini?"

Nikasema nadhani anafyonza maua.

"Huyo ni mkubwa, yeye anatembea tu. Nakuuliza mtoto wake. Mtoto anakula nini, na analala wapi?"

Sikuwa na jibu. Alingoja kidogo, kisha akasema kwamba ng'ombe aliyepotea hatafutwi kwa rangi yake. Unajiuliza anapenda majani gani na amezoea maji ya wapi, halafu unakwenda kukaa pale.

Nilikuwa nimetumia majuma mawili nikikuza picha moja kwenye kompyuta mpaka ikawa vipande vya rangi, na kwa muda huo wote sikuwa nimerudi mlimani hata mara moja.

## Nilikuwa natazama juu mno

Kiwavi wa alcon haanzi maisha yake popote pengine ila kwenye jentiana, jamii ya mimea ya maua. Katika mabonde yenye majimaji, jike hutaga kwenye Gentiana pneumonanthe. Kwenye miteremko mikavu ya chokaa, kama ule wangu, hutaga kwenye Gentiana cruciata, mmea mfupi wenye majani magumu yanayong'aa, yaliyopangwa mawili mawili, kila jozi ikikatiza ile iliyo chini yake kama msalaba, na maua ya samawati yenye petali nne yanayobanana kwenye makwapa ya majani. Nimeuita jentiana msalaba katika daftari langu, kwa kuwa sijasikia jina lingine katika lugha yetu, na jina lake la Kilatini linasema hilohilo.

Nilirudi katika juma la tatu la Julai. Hapakuwa na kipepeo hata mmoja wa samawati. Upepo ulikuwa mkali na jua lilikuwa likijificha. Zamani ningeihesabu siku hiyo kuwa imepotea.

Safari hii nilitazama chini, nikaona jentiana ya kwanza hatua sita kutoka pale nilipopigia magoti mara ya kwanza. Nilikuwa nimepita kandokando yake. Labda niliikanyaga.

Juu ya majani yake kulikuwa na nukta nyeupe.

Nilitoa kioo cha kukuzia. Zilikuwa nukta za mviringo zilizobonyea katikati, nyeupe kama chokaa iliyopakwa ukutani, nyingine mojamoja na nyingine zimesongamana upande wa juu wa jani na kuzunguka machipukizi ya maua. Nilihesabu 43 kwenye miche sita. Katika malisho ya Ulaya mtu akikuta mayai meupe ya namna hii yamewekwa wazi juu ya jani la jentiana, ameshampata alcon, hata kama kipepeo mwenyewe hajamwona mwaka mzima. Ndiyo sababu wanaohesabu spishi hii kwa makini huhesabu mayai: kipepeo huishi siku chache na hujificha mawingu yakija, ilhali ganda la yai hubaki kwenye mmea kwa majuma.

Na ganda hilo lina habari yake. Kiwavi hatoki kwa juu, kama viwavi wengi wanavyotoka. Anatoboa kitako cha yai, pale lilipogandishwa kwenye jani, na kuingia moja kwa moja ndani ya mmea, hivyo kwamba hakuna saa ambayo yuko wazi mbele ya adui. Ganda la juu ni nene, linabaki zima, na anayepita anadhani yai bado limejaa. Nilikaa pale nikiwa na furaha ambayo siwezi kuipunguza kwa maneno. Picha ilikuwa imeniambia kwamba huenda. Jani liliniambia kwamba ndiyo.

## Mgeni asiyepewa jembe

Ndani ya ua, kiwavi hula ovari na mbegu changa kwa majuma mawili au matatu. Kisha hufanya jambo ambalo kwa kiwavi wa kawaida lingekuwa kujiua: hujiangusha chini akiwa bado mdogo sana, uzito wa miligramu chache tu, na hubaki hapo akingoja.

Anamngoja sisimizi, na lazima awe wa jenasi Myrmica.

Ngozi ya kiwavi imepakwa kemikali ziitwazo haidrokaboni, zinazofanana na zile ambazo sisimizi hao hutumia kutambuana, na sisimizi mfanyakazi akimgusa kwa papasi zake humchukulia kuwa ni mtoto wa nyumbani aliyepotea. Humbeba hadi kiotani na kumweka kwenye chumba cha watoto. Huko chini ndiko anakokulia: zaidi ya asilimia 98 ya uzito wake wa mwisho huipata ndani ya kiota. Binamu yake, arion, akifika kiotani hula watoto wa sisimizi. Alcon hufanya kama kekeo, ndege anayeachia wengine kazi ya kulea. Hulishwa mdomo kwa mdomo, na chakula kikipungua wafanyakazi humtanguliza yeye na kuwaacha watoto wao wa kuzaliwa.

Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba udanganyifu huo hauishii kwenye harufu. Viwavi wa kundi hili, na pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akigeuka kuwa kipepeo, hutoa sauti, mkwaruzo mdogo usiosikika kwa sikio letu, unaofanana na sauti ya malkia wa sisimizi kuliko ya mfanyakazi. Wafanyakazi wakiisikia huwahudumia kwa heshima ya kimalkia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hukaa miezi 11, na baadhi ya ndugu zake walioingia kiota kilekile siku ileile huchelewesha ukuaji na kukaa miezi 23, kiasi kwamba vipepeo wanaotoka kiangazi kimoja wanaweza kuwa watoto wa miaka miwili tofauti. Sehemu hiyo niliisoma mara tatu. Nilikuwa nimemhesabu kipepeo wangu kuwa ni mdudu wa Julai, kumbe Julai ni siku zake za mwisho. Miezi mingine yote alikuwa gizani, chini ya theluji, katika nyumba ya watu wengine.

Hata huko gizani yupo anayemtafuta. Nyigu mmoja mwembamba, Ichneumon eumerus, hutambua kwa harufu kiota cha sisimizi kinachostahili, huingia pale tu penye viwavi, na akishambuliwa humwaga kemikali zinazowafanya sisimizi wageukiane na kupigana wao kwa wao. Katikati ya vurugu hiyo humfikia kiwavi na kutaga yai ndani yake. Mwaka unaofuata, kutoka kwenye pupa ya kipepeo, hutoka nyigu. Kwa hiyo nyigu huyo hawezi kuwepo bila kipepeo, kipepeo bila sisimizi na jentiana kuwa jirani kwa mita chache, na jentiana bila nyasi fupi zenye jua. Kila mmoja wao ni adimu kuliko yule ambaye yeye mwenyewe humtegemea.

Nikampigia baba mdogo kumpa jibu. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kama na kwetu wapo wa namna hiyo. Wapo. Katika nyasi za Afrika, zikiwemo nyanda za juu za Tanzania, kuna jenasi ya samawati iitwayo Lepidochrysops, yenye spishi zaidi ya mia moja, ambao viwavi wake huanza kwenye maua, mara nyingi ya mimea ya jamii ya mrehani, kisha huchukuliwa na sisimizi wakubwa wa jenasi Camponotus na kula watoto wao chini ya ardhi. Nimepita juu ya nyasi hizo utoto wangu wote. Neno nililokuwa nalo lilikuwa kipepeo, moja tu, na nililiona linatosha.

## Jina lililobandikwa pasipo pake

Ningeishia hapo kama nisingeuliza swali moja zaidi. Vitabu vya zamani kidogo vinasema kwamba samawati anayetaga kwenye jentiana msalaba katika nchi kavu ni spishi ya peke yake, Maculinea rebeli. Jina hilo lilikuwa kwenye orodha za hifadhi na kwenye lebo za makumbusho, na mzee wa bonde lile bado hulitumia. Basi wangu alikuwa rebeli?

Mwanzoni mwa karne ya 20, mkusanyaji aitwaye Hirschke alieleza umbo la alcon kutoka milima ya juu ya Hochschwab, huku huku Steiermark, akalipa jina kwa heshima ya Hans Rebel, mtaalamu wa vipepeo katika makumbusho ya Vienna. Baadaye wengine walilichukua jina hilo na kulibandika kwa vipepeo wote wa Ulaya waliotumia jentiana msalaba, kana kwamba ndio Hirschke aliowashika. Uchunguzi wa jeni ulipofika, haukuona mpaka wa spishi kati ya wale wa nchi kavu na wale wa majimaji. Mwaka 2013 Otakar Kudrna na Zdeněk Fric waliandika bila kuficha kwamba jina lilihamishwa kimakosa kutoka kwa mdudu wa Hirschke, na kwamba rebeli kama ilivyotumika kwa miongo ni spishi mzimu.

Nilikuwa nimesimama kwenye jimbo lilelile ambako jina hilo lilizaliwa, nikiwa na mayai mbele yangu, na jina halikuwa na mwenyewe.

Nakiri kwamba lilinivunja moyo kwa siku kadhaa. Nilitaka kitu chenye mwisho. Hata jenasi ilikuwa imebadilika, Maculinea ikawa Phengaris, kwa sababu jina la pili ndilo lililotangulia kuchapishwa. Lakini nilipoyapitia tena maandishi yangu niliona kwamba katika mabadiliko hayo yote hakuna lililogusa yale niliyoyapata kwa kupiga magoti: jentiana, yai lenye tundu chini, sisimizi, miezi ya giza. Wataalamu walibishana juu ya lebo, na hata hoja zao zilisimama juu ya swali la baba mdogo. Ni kwa sababu ya chakula cha mtoto kwamba watu walidhani ni spishi mbili, na ni kwa kukichunguza chakula hicho na wenyeji wake upya kwamba walianza kusema ni moja. Nikafuta semiargus, wino ukachafua ukurasa, nikaandika: Phengaris alcon, wa jentiana msalaba.

## Agosti

Nilipanda mara ya tatu katika juma la pili la Agosti. Kwenye mteremko wa jirani mashine ya kukata nyasi ilikuwa imepita katikati ya Julai. Nyasi zilikuwa zimeota upya, za kijani kibichi na za kupendeza kwa asiyejua, lakini hapakuwa na jentiana hata moja yenye ua. Kila yai lililokuwa pale lilikwenda ghalani pamoja na majani makavu. Nimeona malisho mengi yakiitwa mazuri kwa sababu ya kijani chake, na sasa siwezi kuyatazama kama zamani. Kuacha kabisa kukata au kuchunga nako hakusaidii, kwa kuwa misonobari huja na nyasi ndefu hupoza ardhi mpaka sisimizi wanahama. Uingereza ilimpoteza arion wake mwaka 1979 kwa namna hiyo: maua yalikuwepo, ila nyasi zilikuwa zimerefuka na sisimizi wake hawakuweza kuishi chini yake.

Mteremko wangu ulikuwa salama kwa sababu ya mazoea ya mwenye shamba, mama mmoja mtu mzima, ambaye huwaleta ng'ombe wake majira ya kuchipua, huwaondoa Juni, na kuwarudisha Septemba. Ng'ombe hawaigusi jentiana, ni chungu mno. Nilimkuta akirekebisha uzio, nikamwomba ruhusa, nikamwonyesha mmea wenye mayai.

Akainama, akachukua kioo changu, akakaa nacho muda mrefu.

"Miaka yote," alisema, "nilidhani ni vumbi la chokaa."

Nikang'oa ganda moja kwa ncha ya kisu na kuligeuza. Chini yake palikuwa na tundu, na kwenye jani tundu jingine lililolingana nalo. Tukafungua ua moja lililokwisha kunyauka: ndani mlikuwa mmeliwa, mbegu hazipo, na ubavuni palikuwa na njia ya kutokea. Walikuwa wamekwisha kushuka.

Mama yule alisimama akatazama nyasi zilizotuzunguka, kisha viatu vyake, kisha vyangu. Tulishuka kwa kuambaa na uzio, yeye mbele na mimi nyuma, tukikanyaga mawe.